Sindano za protini kwenye goti lililoumia: zimefikia wapi? (Na hii habari ya "ute umeisha")

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu habari za jioni. Uzi huu nimeuahirisha miezi miwili. Leo madaftari ya Fomu Tatu yameisha na umeme upo, acha niumwage.

Mwaka 2013 nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya walimu. Mechi ya ndondo, uwanja wa vumbi, dakika za lala salama. Nikageuka kumfuata winga, mguu ukabaki palepale, mwili ukaenda. Ndani ya goti nikasikia "pwa", kama mtu kavunja muwa. Hakuna aliyenigusa, refa hata filimbi hakupiga. Kufika saa mbili usiku goti limekuwa papai. Mzee mmoja wa mtaani akanikanda kwa maji ya moto na chumvi wiki mbili, uvimbe ukashuka, nikarudi darasani, nikajua yamekwisha. MRI, ile picha kubwa ya kuona ndani ya goti, nimekuja kupiga 2016, ndipo nikaambiwa ligamenti ya mbele ya goti, ile watu wa mpira wanaiita ACL, ilikatika siku nyingi, na meniskasi, kile kipande cha gegedu kinachokaa kama mto kati ya mifupa ya goti, imechanika.

Sasa nina miaka 39. Jengo letu la madarasa lina ngazi 22. Nazijua kwa hesabu kwa sababu nazishuka ubavu ubavu kama kaa.

Mwezi wa tatu nikaingia kliniki moja hivi, jina nalihifadhi. Mhudumu kaitazama picha yangu sekunde kumi, akanipa hukumu: "Mwalimu, ute umeisha." Akasema kuna sindano mpya ya protini, inaotesha gegedu, 650,000 kwa sindano moja, na zinatakiwa tatu. Nikauliza, protini gani? "Protini ya viungo." Nikaomba kukiona kiboksi. Cheupe, maandishi ya lugha nisiyoijua, na mchoro wa goti linalotoa miale kama jua la asubuhi. Akakirudisha kwenye droo kabla sijaifikia tarehe ya mwisho wa matumizi.

Wakuu, mimi nafundisha Biolojia. Kuniambia "protini" bila jina ni sawa na kumwambia fundi gari "kafunge kile chuma". Mwilini kuna protini maelfu, nyingine zinajenga, nyingine zinabomoa. Nikaaga, nikaenda kusoma.

Nianze na huo ute, maana ndipo tunapopigwa wengi. Ute wa goti hauishi kama mafuta kwenye kibatari. Goti lililoumia mara nyingi lina majimaji MENGI kuliko goti zima, ndiyo maana linavimba na wengine wananyonywa kwa sindano. Kinachobadilika ni kilichomo ndani ya hayo majimaji. Kuna protini inaitwa lubrisini. Inatengenezwa na seli za utando wa kiungo na zile za juu ya gegedu, kazi yake ni kupaka uso wa gegedu ili nyuso mbili ziteleze bila kukwaruzana. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni yake, PRG4, na viungo vyao huharibika wakiwa bado wadogo. Chanzo hicho kilijulikana mwaka 1999. Halafu mwaka 2008 watafiti wa Marekani wakapima ute wa watu waliokatika ACL. Lubrisini ilikuwa imeshuka kwenye goti lililoumia kuliko kwenye goti la pili la mtu huyohuyo, na kurudi hali yake kulichukua miezi, hadi karibu mwaka.

Mwaka mzima unatembelea bawaba isiyo na grisi, na huna habari.

Huna habari kwa sababu gegedu halina mishipa ya damu wala neva. Haliwezi kukuambia "nauma". Siku ile goti linapiga "pwa", baadhi ya seli zake zinakufa kwa kishindo chenyewe, damu inamwagika ndani ya kiungo, na mwili unatoa kemikali za mchochota (ule moto na uvimbe wa jeraha), mojawapo intalukini-1. Hizo zinaziamrisha seli za gegedu zitoe vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni na agrekani, yaani nondo na zege la gegedu lenyewe. Kazi hiyo inaanza saa na siku za kwanza, wewe ukiwa umewekewa barafu na watu wanakutania kwamba umeogopa mechi ya marudiano.

Malipo yanakuja baadaye. Kwa wastani nusu ya waliokatika ACL au meniskasi wanakutwa na goti lililosagika ndani ya miaka 10 hadi 20. Kwa Marekani inakadiriwa kati ya kila wagonjwa 100 wenye dalili za kusagika viungo, kama 12 hivi walianzia kwenye jeraha. Mtu aliyeumia na miaka 20 anakuwa na goti la babu yake kabla hajafika 40. Ndiyo mimi.

Kwa hiyo watafiti wakajiuliza: kwa nini tungoje miaka 15? Kwa nini tusidunge protini inayofaa moja kwa moja kiungoni wiki zilezile za mwanzo? Majibu waliyoyapata nayaleta, ngoja nipashe chai.

#2 Kibonge wa Tandika

Naweka kambi. Langu la kulia nikichuchumaa linalia kama mlango wa choo cha shule.

#3 Bi Mkora

Mwalimu, na bamia je? Mama mkwe wangu anakunywa maji ya bamia asubuhi mwaka wa pili huu. Anasema ute unarudi, na ukimbishia anakununia wiki.

#4 Mwalimu wa Zamu

Bi Mkora, usimbishie, utakosa pa kula Idi. Ila kati yetu hapa: ule mlenda wa bamia ni aina ya wanga. Ukifika tumboni unapita njia ya chakula kama chakula kingine, hakuna bomba la kutoka tumboni kwenda gotini. Supu ya kongoro nayo vilevile. Kolajeni yake inameng'enywa kuwa vipande vidogo vidogo na mwili unavipeleka unakotaka wenyewe, pengine kwenye kucha. Ndiyo maana hawa jamaa wanadunga ndani ya kiungo. Protini ukiimeza umekula nyama tu.

Bamia aendelee nayo, ni mboga nzuri. Mradi asiache dawa za presha kwa ajili yake.

#5 Mwalimu wa Zamu

Tuendelee. Lubrisini ndiyo iliyowajia kwanza akilini, kwa sababu kama imepungua, si uirudishe? Kati ya mwaka 2009 na 2012 makundi tofauti Marekani yaliwaharibu panya magoti makusudi, wengine kwa kukata ACL, wengine kwa kutoa meniskasi, kisha wakawadunga lubrisini iliyotengenezwa maabara. Gegedu la waliodungwa liliharibika polepole zaidi. Wale wa 2012 walipima hata mwendo: panya waliopata lubrisini walikanyaga sawasawa kuliko wenzao. Baadaye wakapanda hadi kwa nguruwe wadogo wa aina ya Yucatan, ambao goti lao linakaribia letu kwa ukubwa, na huko pia kukaonekana dalili njema. Lakini hakuna hospitali duniani leo unayoweza kuingia ukaandikiwa lubrisini kama tiba iliyothibitishwa ya goti. Mtu akikuuzia, muulize kaitoa wapi.

Njia ya pili ni kuuzima moto wenyewe. Kuna protini inaitwa anakinra, nakala ya protini ya mwili inayoziba tundu ambalo intalukini-1 huingizia ufunguo wake. Ni dawa halali, inatumika kwa baridi yabisi kwa kuchoma chini ya ngozi. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya watu 11 waliokatika ACL: 6 wakadungwa anakinra gotini miligramu 150, 5 wakadungwa maji ya chumvi. Sindano moja tu, wastani wa wiki mbili tangu waumie. Baada ya siku 14 waliopata dawa walikuwa na nafuu zaidi ya maumivu. Kumi na mmoja, wakuu. Hao wanaenea kwenye Noah moja na nafasi ya mkungu wa ndizi inabaki. Ni mwanga, si ushahidi wa kuuzia mtu.

Tena dawa hiyohiyo ilikwisha kujaribiwa kwa watu 170 waliosagika magoti zamani, matokeo yakachapishwa 2009. Haikuizidi maji ya chumvi. Hapo ndipo nilipokaa kwenye kiti nikafikiri sana, kwa sababu mimi niko kwenye kundi hilo la 170. Siyo lile la 11.

Ya tatu ndiyo nadhani yule wa kliniki alikuwa anaitolea harufu bila kuijua. Sprifermini, nakala ya protini ya ukuaji iitwayo FGF-18. Hii kweli inazichochea seli za gegedu kujenga. Jaribio lake lilikuwa na watu 549 wa miaka 40 hadi 85, likatoka 2019. Waliodungwa dozi kubwa kila miezi sita, gegedu lao baada ya miaka miwili lilikuwa limenenepa kidogo, wakati la wale wa maji ya chumvi lilikuwa limepungua. Tofauti kati yao: milimita 0.05.

Chukueni karatasi moja ya kuchapia. Unene wake ni karibu milimita 0.1. Igawe nusu, siyo kwa mkasi, kwa unene. Hiyo ndiyo tofauti ya miaka miwili ya sindano.

Sidharau. Kuongeza gegedu hata kwa nusu karatasi ni jambo ambalo dawa nyingi zilizotangulia zilishindwa. Tatizo ni kwamba walipoulizwa kuhusu maumivu na kutembea, waliopata sprifermini hawakuwapita waliopata maji ya chumvi. Wote walisema wana nafuu.

#6 Msema Kweli Mbezi

Mwalimu amesema: *"Wote walisema wana nafuu."*

Subiri kwanza. Yaani mtu anaumwa, unamdunga MAJI YA CHUMVI gotini miaka miwili, halafu unaita utafiti? Huo si utapeli kama wa yule wa kliniki yako? Tofauti ni koti jeupe tu.

#7 Mwalimu wa Zamu

Mkuu, tofauti ipo na ni kubwa. Wale waliambiwa mapema, wakasaini: "unaweza kupata dawa, unaweza kupata maji ya chumvi, si wewe wala anayekudunga atakayejua." Na hawakulipa. Mimi niliambiwa nitoe 1,950,000 bila jina la protini.

Na bila hayo maji ya chumvi tungedanganyika vibaya sana. Goti lina siku zake. Watu huenda hospitali wakati limekasirika kweli, na lingepoa lenyewe hata ungelidunga nini. Ongeza matumaini, ongeza kwamba mtu kakusikiliza nusu saa, tayari una nafuu. Wa kliniki anaichukua hiyo nafuu na kuitundika ukutani kama ushuhuda.

#8 Fundi Maabara

Nimesoma toka juu, mwalimu umetisha. Niongeze moja tu uliyoiruka, na kwa macho yangu ndiyo mzizi wa mambo: protini hazikai gotini.

Watu wanadhani kiungo ni chupa, ukimimina kitu kinatulia humo. Kiungo ni chujio. Majimaji yake yanabadilishwa muda wote, na protini ukiidunga asubuhi nyingi yake jioni imeshatoka. Anakinra inaondoka kwa saa chache. Sasa mchochota wa goti lililoumia unakwenda wiki na miezi. Umempeleka zimamoto akaja na ndoo moja, akamwaga, akaondoka. Ukisikia jaribio limefeli, jiulize: ilifeli protini, au ilifeli kukaa?

Na hata ikikaa kwenye ute, seli zinazotakiwa zipate ujumbe zimefukiwa ndani ya gegedu. Gegedu ni kama sponji lililoshindiliwa, lenye chaji hasi. Chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2018 walifanya kitu cha akili: wakachukua protini ya ukuaji IGF-1, wakaifunga kwenye chembe ndogo mno zenye chaji chanya. Hasi na chanya zinavutana, kwa hiyo badala ya kusukumwa nje ule mzigo unavutwa ndani. Kwa panya walioumizwa goti protini ilikaa hadi siku 30, na uharibifu ukapungua kuliko waliopewa IGF-1 peke yake. Kwenye gegedu la ng'ombe lenye unene unaokaribia la mtu, ilipenya lote ndani ya siku mbili.

Sasa maji ya baridi. Gegedu la panya halifiki hata milimita 0.1 au linaishia hapohapo. Lako wewe ni milimita mbili mpaka nne, kutegemea sehemu. Panya wa maabara ni vijana, wa ukoo mmoja, wote wameumizwa siku moja kwa kisu kilekile na kudungwa kwa ratiba. Hakuna panya aliyekaa miaka mitatu anakandwa kwa chumvi ndiyo akaenda MRI. (Samahani mwalimu.)

#9 Mwalimu wa Zamu

Haina haja ya samahani, umenigonga palepale penye uvimbe.

#10 Bin Hamed Barka

Assalaam alaykum. Niko Oman, kazi yangu kutunza farasi wa mbio, na haya mnayoyaongea nayaona kwa macho kila msimu.

Farasi akichechemea kwa ajili ya kiungo, daktari wa wanyama anamtoa damu kwa bomba lenye punje za kioo ndani. Lile bomba linawekwa kwenye joto la mwili karibu siku nzima, halafu linazungushwa kwenye mashine, damu nyekundu inakaa chini, juu yanabaki maji ya rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Hayo ndiyo anayodungwa kiungoni. Daktari wetu anasema zile punje zinazifanya seli za damu zitoe kwa wingi ile ile protini ya kuziba intalukini-1 aliyoitaja mwalimu, ila hii ni ya farasi mwenyewe. Ujuzi huu ulianzia Ujerumani, na Colorado, Marekani, walishawapima farasi mwaka 2007 wakaona kuchechemea kumepungua.

Nnachotaka kusema ni hiki. Siku ya sindano, kabla ya sindano, tunanyoa manyoya, tunasugua kiungo kwa dawa mara tatu, dakika kumi nzima, mtu akipiga chafya tunaanza upya. Farasi wa bei mbaya yule. Halafu nikienda likizo nyumbani namkuta binadamu anadungwa goti chumba cha nyuma ya duka la vipodozi, feni inazunguka na vumbi lake.

#11 Fundi Maabara

Bin Hamed hapo umegusa kitu kinachoniudhi kuliko bei. Bakteria wakiingia kiungoni wanaweza kulimaliza gegedu kwa siku chache, kazi ambayo jeraha lingeichukua miaka. Ukidungwa popote halafu goti likawa la moto, jekundu, homa inapanda, huo siyo "mwitikio wa dawa". Hospitali usiku huohuo.

#12 Nyota ya Nyali

Mimi ni wa Mombasa, nilikuwa nacheza netiboli ya kaunti. Niliumia 2017. Sijapewa protini, nilipewa ile ya steroidi. Ya kwanza ilikuwa raha ajabu, wiki ya pili nikapanda matatu mbio. Ya pili raha kidogo. Ya tano sikusikia kitu, na daktari mwingine aliponiona akanigombeza kama mtoto, "nani alikwambia hii ni ya kila miezi mitatu?" Sasa hizo mnazozitaja, na ile ya kutoa damu yako wakaizungusha wakakurudishia, ni yale yale?

#13 Fundi Maabara

Pole dada. Siyo yale yale.

Steroidi siyo protini, inazima mchochota haraka na ina mahali pake. Lakini kuirudiarudia kuna taarifa ya mwaka 2017: wagonjwa 140, nusu walidungwa steroidi kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi. Mwishoni maumivu hayakutofautiana, na waliopata steroidi walipoteza gegedu karibu mara mbili ya wenzao. Aliyekugombeza alikuwa na sababu.

Ile ya damu yako ni plazima yenye chembe sahani nyingi. Ndani yake zimo protini za ukuaji, kwa hiyo wauzaji nao wanaiita "sindano ya protini". Australia walichapisha 2021: watu 288, sindano tatu, mwaka mmoja. Maumivu sawa na maji ya chumvi, gegedu sawa na maji ya chumvi. Wapo madaktari wanaosema inategemea inavyoandaliwa, na mjadala haujafungwa, ila ukilipishwa bei ya ng'ombe ujue unalipia mjadala.

#14 Kibonge wa Tandika

Kwa hiyo mwalimu tunarudi na nini nyumbani? Maana mpaka sasa kila kitu ni panya, nguruwe na farasi. Sisi wa Tandika lini?

#15 Mwalimu wa Zamu

Swali zuri na limenikosesha usingizi. Kwa maoni yangu, sisi wa zamani tumeshaachwa na basi hilo, na sioni sababu ya kuogopa kulisema. Hizi protini zinaonekana kuwa na maana zaidi kabla nyumba haijaungua. Shida ni kwamba kuwajaribu walioumia leo ni kazi ngumu mno. Uharibifu unachukua miaka 10 kuonekana, nani atawafuatilia vijana 500 miaka 10? Watahama, wataoa, watabadilisha namba za simu. Ndiyo maana wanapima vitu vya karibu, kama vipande vya kolajeni kwenye ute au unene wa gegedu kwenye MRI, wakiombea vitu hivyo vitabiri maumivu ya baadaye. Sprifermini imetuonyesha kwamba unene na maumivu vinaweza kutembea njia mbili.

Kibonge, na usikasirike, jina umejipa mwenyewe: kila kilo moja unayopungua, goti linapunguziwa mzigo kama wa kilo nne kwa kila hatua. Hiyo imepimwa. Bei yake sifuri.

#16 Kibonge wa Tandika

Nilijua tu tutafika huku.

#17 Dogo Winga

Shikamooni. Mimi nina miaka 19, niko chuo. Wiki tatu zilizopita niligeuka na mpira goti likalia hivyohivyo kama la mwalimu, "pwa", hakuna aliyenigusa. Likavimba usiku uleule. Sasa uvimbe umepungua ila nikishuka ngazi goti linakuwa kama linataka kuteleza pembeni. Kocha anasema nipake dawa ya kuchua nipumzike, Jumamosi ijayo kuna nusu fainali. Nimesoma uzi wote. Je hiyo anakinra nitaipata wapi, maana nipo kwenye zile wiki za mwanzo?

#18 Mwalimu wa Zamu

Marahaba mdogo wangu. Hiyo nusu fainali USICHEZE. Ngoja nimuite Dada wa Viungo, yumo humu.

#19 Dada wa Viungo

Nimefika. Dogo, mimi ni mtu wa fiziotherapia, magoti ya hivi nayaona kila wiki.

Kusikia mlio, kuvimba saa chache zilezile, na sasa goti linataka kukutoka: mpaka ithibitishwe vinginevyo hiyo ni ACL. Nenda ukapimwe na mtu wa mifupa, alivute goti kwa mikono yake, ukipata MRI ni bora zaidi. Anakinra iache, hakuna mahali inapotolewa kama tiba ya kawaida ya jeraha lako, watu 11 ni wachache mno. Ukisikia kuna utafiti rasmi unaoandikisha walioumia karibuni, wenye kibali na fomu ya ridhaa, hilo ni jambo lingine. Huo haukulipishi.

Wala usikurupukie kisu kwa kudhani kitakuzuia kusagika baadaye. Sweden waliwafuata vijana 121 wa miaka 18 hadi 35 waliokatika ACL. Kundi moja likafanyiwa upasuaji mapema na mazoezi, jingine likaanza na mazoezi na upasuaji ukaachwa kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili, na tena baada ya mitano, magoti yao hayakutofautiana kwa jinsi walivyojisikia, na karibu nusu ya kundi la pili hawakuhitaji kisu kabisa. Upasuaji unakurudishia uthabiti kama goti linakutoka, hasa ukitaka kurudi kwenye mpira wa kugeukageuka. Kuhusu kusagika hauna hakikisho.

Ambacho kweli kinaliharibu goti kama lako ni kuendelea kulichezea likiwa linateleza. Kila linapokutoka ni meniskasi inasagwa. Kwa sasa: linyooshe mpaka liguse godoro, kaza paja hesabu mpaka kumi, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana, jioni. Msuli wa paja unanyauka haraka sana baada ya jeraha, utauona kwa macho ukilinganisha na mguu wa pili. Pima kwa utepe wa fundi cherehani, sentimita 15 juu ya goti, uandike.

#20 Dogo Winga

Nimepima sasa hivi. Kushoto 51, kulia 48. Kumbe!

#21 Dada wa Viungo

Umeona? Wiki tatu tu. Umepanga lini hospitali?

#22 Dogo Winga

Bima ya chuo inasema mpaka nipate barua. Nimeshaomba, naenda Jumatano. Kocha nimemwambia, hajanijibu, ila amenitoa kwenye kundi la WhatsApp la timu.

#23 Msema Kweli Mbezi

Kocha huyo atakurudisha mwenyewe akifungwa. Nenda Jumatano.

#24 Bi Mkora

Nimemsomea mama mkwe hapo pa bamia. Amesema mwalimu aje ajaribu ya kwake kwanza ndiyo aongee.

#25 Mwalimu wa Zamu

Mwambie nitakuja, aweke na dagaa.

Wakuu, la leo: yule wa kliniki amenipigia mchana, mimi niko zamu. Sindano imeshuka mpaka 400,000, "kwa sababu wewe ni mwalimu". Nikamuuliza tena inaitwaje hiyo protini. Kimya, nasikia droo inafunguliwa. Amesema ataniulizia.